Safari ya Misri Iliyopitia Muhaka

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za ofisi, na vijana wa Ukunda wakanipikia pilau ya kuniaga. Baada ya kula walinitaka niwaandikie kazi hii ilikuwaje zamani, kabla ya simu kujaa mezani na kabla ya ndege kuzoea kutua pwani kama kunguru. Nimekubali kwa sababu moja: sijui kukaa. Miaka yote nilikuwa mtu wa kuinuka, kuchungulia barabarani, kurudi kitini na kuinuka tena. Sasa nimeambiwa nipumzike, na mke wangu amekwisha kuniomba nisizunguke uani nikawatisha kuku wake. Basi acheni mkono utembee badala ya miguu.

Vyeo na mishahara sitavitaja. Havikuwa vya kujaza ukurasa. Nitawaeleza nilivyoanza, aliyenifundisha, na safari moja ya Misri iliyonifunza zaidi ya zote nilizopanga baadaye, ingawa mimi mwenyewe katika safari ile sikuvuka bandari ya Kilindini.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Nilitoka kwetu Shimoni nikiwa na shati moja la kazini na mwandiko mzuri. Ofisi ilikuwa chumba kimoja hapo Msambweni, baina ya duka la nguo na fundi wa baiskeli, na mbele yake palikuwa na benchi ambalo watu walilikalia hata kama hawakuwa na safari. Mwenye ofisi, Bwana Abdurahmani, alikuwa karani wa meli ujanani mwake. Alizijua bandari kutoka Durban hadi Basra, na kila alipoitaja moja aliitaja kwa harufu yake: hii ya ngozi, hii ya samli, hii ya makaa ya mawe. Sasa aliwakatia watu tiketi kwa niaba ya mawakala wa Mombasa, akawajazia fomu za pasipoti na kuwaeleza la kufanya wakishuka ng'ambo.

Siku ya kwanza, hata sijaketi, aliniuliza, "Mtu ataka kwenda Bombay. Waanzia wapi?"

Nikamjibu kwamba naanzia Mombasa.

"Waanzia siku atakayorudi," akasema. "Kwenda, hata mzigo huenda."

Akanieleza pole pole. Meli ya kurudi ndiyo isiyombembeleza mtu. Ukishaijua siku yake, warudi nyuma hatua kwa hatua: abiria awe bandarini lini, kwa hiyo atoke mjini lini, kwa hiyo ana siku ngapi za kutembea, na kwa hiyo aondoke kwetu lini. Hadi leo nawaona wenzangu vijana wakianza na kwenda. Watu wao hufika vizuri sana.

Zana zetu zilikuwa chache. Tulikuwa na ramani moja kubwa iliyochakaa kwenye Bahari ya Shamu kwa sababu kila kidole kilipita hapo. Tulikuwa na uzi wa kupimia ramani, ratiba za meli, penseli na raba. Wino ulikuwa marufuku mpaka meli ionekane kwa macho, maana ratiba ya meli siku zile ilikuwa ni matumaini yaliyopigwa chapa. Na tulikuwa na miguu yangu. Nadhani Bwana Abdurahmani aliniajiri kwa ajili ya hiyo miguu. Palipokuwa na jambo la kuuliza Mombasa, nilipanda basi, nikavuka Likoni, nikaenda kwa miguu hadi Kilindini, nikauliza, nikarudi jioni. Niliporudi nilikuwa tayari kwenda tena.

Wasafiri wetu wengi walikuwa wafanyabiashara, watu wenye jamaa ng'ambo na, msimu ulipofika, mahujaji. Watu wa kwenda nchi ya wenyewe kutazama tu hatukuwa nao. Kutazama tu kulihesabiwa kuwa maradhi ya Wazungu, nao tuliwaona pale Diani wakiitazama bahari siku nzima, wala hawavui.

Kwa hiyo siku Mwalimu Bakari alipoingia na kusema ataka kwenda Misri kutembea, niliinuka bila kuwa na pa kwenda.

Mwalimu Bakari alikuwa mtu wa Mvita aliyeletwa kufundisha shule ya huku kwetu, akaoa huku huku. Miaka na miaka aliwasomesha watoto historia ya Misri, mahali asipopajua. Sasa alikuwa amepewa likizo ndefu, ambayo mwalimu aliweza kuipata mara moja katika utumishi wake kama hakugombana na mtu, na fedha alikuwa ameziweka. Alikuja na mkewe, Bi. Mwanaisha, msusi wa mikeka na vikapu aliyejulikana Msambweni yote.

Nikachukua penseli na kuwauliza wanataka kuona nini. Mwalimu akataja piramidi, Mto Naili, misikiti ya kale ya Kairo na jumba la makumbusho. Alivitaja kwa mpango, kama ubaoni. Nikamgeukia mkewe.

"Kikapu," akasema.

Mwalimu akacheka kidogo. Akanieleza kwamba katika kitabu chake cha shule mlikuwa na picha ya kikapu kilichotolewa kaburini mwa mfalme wa kale, chenye miaka isiyohesabika na bado kizima. Mkewe alikuwa akiitazama picha hiyo tangu walipooana.

"Usukaji wake naujua," Bi. Mwanaisha akasema. "Sijui ukingo. Wameumalizaje? Pale kwenye ukingo picha imeingia kivuli. Huyo aliyepiga picha hajasuka maishani mwake."

Nikaandika *kikapu* juu ya ukurasa na kukipigia mstari. Wenzangu, mtu akikuambia kitu kimoja anachotaka kukiona, kipeni siku ya kwanza. Msimwekee cha mwisho kama halua. Mambo mengi huharibika kabla ya siku ya mwisho.

Safari yenyewe tuliipanga iwe nzuri na isiwamalize. Nitaeleza namna, kwa kuwa hesabu ni ile ile hata leo. Tulichagua miezi ya baridi ya huko, mbali na msimu wa Hija, ili meli zisisongamane na nyumba za wageni zisijivune. Meli ingewatoa Mombasa, ipitie Adeni na Port Sudan, iwashushe Suezi, na kutoka hapo wapande treni hadi Kairo. Malazi hatukuyatafuta karibu na stesheni, ambako mgeni hulipia uvivu wa miguu yake. Tuliyatafuta upande wa misikiti ya kale, ambako vijana wa pwani yetu waliokwenda kusoma dini walikuwa wakipanga vyumba. Vijana hao ndio wangewatembeza. Mwanafunzi aliye mbali na kwao hataki ujira. Ataka papa mkavu na habari za nyumbani. Misikiti haina kiingilio. Piramidi huendewa kwa tramu, asubuhi mapema, kabla ya wenye ngamia kuamka vizuri. Kifungua kinywa ni maharage yanayopikwa kwenye mitungi, na hushibisha mpaka alasiri. Sweta lazima, hata kama fundi wa baiskeli atakucheka ukilijaribisha Msambweni.

Mwalimu alitaka chumba cha daraja la pili melini. Alikuwa amekwisha kuwaambia walimu wenzake. Nilimwonyesha sitaha, yaani kusafiri juu ya meli na mkeka wako na chakula chako, jinsi ambavyo ingewabakishia akiba. Akasema yeye ni mwalimu. Tukakata chumba.

Pasipoti ilichukua muda. Huko bara kulikuwa na hali ya hatari, na kila karatasi ilisomwa mara mbili. Bi. Mwanaisha aliingizwa katika pasipoti ya mumewe, picha yake kando ya picha ya mume, na mume akatia sahihi kwamba ameridhia. Walichanjwa ndui. Kila kitu kilikuwa kimepangika, na mimi nilikuwa na raha ya siku mbili hivi, ambayo kwangu ilikuwa nyingi.

Walipokuja kuchukua tiketi, Bwana Abdurahmani aliinua macho. "Na Muhaka mmekwenda?"

"Tutakwenda kuaga," Mwalimu akajibu.

Bwana Abdurahmani akavua miwani. "Kuaga," akasema, si kwa kuuliza. Bi. Mwanaisha alikuwa akivitazama vidole vyake.

Lazima nieleze hapa kwa wale waliokuja pwani na mizigo yao juzi. Bi. Mwanaisha alikuwa Mdigo. Katika nyumba za Kidigo za wakati ule, mwanamke alikuwa wa kwa mama yake, na msemaji wake mkubwa alikuwa kaka wa mama yake. Mume ni mume, heshima yake anayo, lakini jambo zito halipiti bila mjomba. Serikali ilitaka sahihi ya mume. Muhaka, alikokaa mjomba wake, haikuwa imeombwa sahihi wala neno. Mwalimu, mtu wa Mvita, alidhani amemaliza. Bi. Mwanaisha alijua kwamba hawajamaliza, lakini alihofu mjomba atakataa, akatumaini kwamba tiketi zikishakatwa zitamsukuma mzee.

Angeweza kupanda meli hivyo hivyo. Hakuna askari wa bandarini angemzuia. Lakini mwanamke aliyeondoka bila neno la mjomba, akirudi atakuwa amekwenda zake. Minazi yake ilikuwa kwa mjomba, na harusi za binti zake zingesimamiwa na mjomba. Bwana Abdurahmani akaniambia niende nao, kwa kuwa sikuwa na uwezo wa kukaa hata hivyo.

Mzee Suleimani, huyo mjomba, tulimkuta kivulini mwa nyumba yake akishona makuti. Alilikunja jani la mnazi juu ya ufito, akalishona, akalisukuma, akachukua jingine. Tukatoa shikamoo, akaitikia marahaba kwa kila mmoja wetu, akatuletea madafu, akauliza hali za Msambweni. Mwalimu akaanza maelezo marefu. Mzee alimsikiliza hadi mwisho.

"Tiketi mmekata?"

"Ndiyo, mkwe."

"Basi mmekuja kuniaga. Haya, nimeagwa. Safari njema."

Akachukua jani jingine. Hakuna aliyeinuka. Kuku walipita, na dafu langu lilikwisha, nikaendelea kulinyonya hivyo hivyo.

"Mjomba," Bi. Mwanaisha akasema, "mimi nimekuja kuomba."

"Wewe mwanangu una akili tangu utotoni," mzee akamwambia bila ukali. "Ulijua njia ya Muhaka iko wapi. Ukazunguka kupitia Misri."

Tulirudi Msambweni. Meli ilikuwa imekwisha kuondoka Durban kuja kwetu. Nilikwenda barabarani, nikarudi ofisini, nikafuta vumbi ramani isiyokuwa na vumbi. Kesho yake Bwana Abdurahmani alichoka kunitazama, akaniambia nirudi Muhaka peke yangu. Nikamwuliza nikaseme nini. Akasema nisiseme chochote mpaka niulizwe.

Nikarudi. Mzee alinisogezea fito na majani. Nikashona. Kushona kwangu hakukumpendeza, akakufumua, nikashona tena. Baadaye sana akasema, "Haya. Nieleze hiyo safari. Nieleze kama ni mimi niendaye."

Nikamweleza kuanzia Kilindini. Hakuwa mtu wa mzaha. Alitaka kujua ngazi ya meli ina mahali pa kushikilia au haina. Alitaka kujua kibla melini hujulikanaje meli inapogeuka. Aliuliza choo cha wanawake kiko upande gani, na mlango wake hufungwa kwa ndani au kwa nje. Sikujua. Akiugua bahari, nani atamshika kichwa? Nikasema mumewe. Na mumewe naye akiugua? Sikujua. Treni ya Suezi ikifika baada ya magharibi, yule mwanafunzi wa kuwapokea atawatambuaje? Nilisema ataulizia watu wa pwani. Mzee akanitazama, nikashusha macho kwenye jani.

Siku iliyofuata nilikuwa Mombasa nikiulizia vyoo. Mabaharia walinicheka, lakini walinijibu. Nikarudi Muhaka na majibu, nikapewa maswali mengine. Nimewahi kukutana na wasafiri waliozunguka dunia ambao hawakuuliza hata robo ya maswali ya mtu yule asiyekuwa akienda popote. Na kila swali lilikuwa la haki. Mimi nilikuwa nimempanga abiria, na yeye alikuwa akimpanga mtu.

Lakini neno "ndiyo" hakulisema. Wakati huo huo habari ikaja kwamba meli imekaribia Dar es Salaam. Nikawachukua Mwalimu na Bi. Mwanaisha tukaenda wote kwa mara ya mwisho. Mzee alituambia tukae. Mara hii hakushika jani.

"Yote nimeelezwa," akasema. "Huyu kijana miguu haitulii, lakini anaeleza vizuri. Limebaki moja. Akifa huko?"

Mwalimu akaharakisha. "Hafi, mkwe. Ni matembezi tu."

"Na hilo nalo wamekupangia ofisini?"

Mzee akamgeukia Bi. Mwanaisha, akasema naye kana kwamba sisi wengine tumekwisha kuondoka.

"Mama yako alikwenda Pemba kuchuma karafuu. Hayo unayajua. Homa ikamshika huko. Habari zilipofika hapa alikuwa amekwisha kuzikwa. Nikamfuata mtu aliyezileta, nikamwuliza nani alimwosha. Akasema wanawake. Wanawake gani? Akasema, wanawake tu. Mimi na Misri hatuna ugomvi. Ila sitaki kuulizwa jambo hilo mara ya pili nikawa sina jina la kusema."

Bi. Mwanaisha hakuwahi kuyasikia hayo ya kuoshwa. Aliinamisha kichwa, na mkono wake ukawa unasuka ncha ya kanga yake, unasuka na kufumua. Nikaona safari imekwisha. Halafu nikasema, kwa kuwa mimi kukaa kimya ni kama kukaa kitini:

"Mzee, akipatikana mwanamke wa kwenu wa kwenda naye?"

Alifikiri kwa muda mrefu, nami sikuinuka. "Mwanajuma," akasema hatimaye.

Bi. Mwanajuma alikuwa binti wa dada yake mwingine, na alikaa Gazi akikaanga na kuuza samaki. Nilimkuta mbele ya karai lake, moshi umemzunguka. Nikamweleza habari za Misri. Akageuza vipande vyote vya samaki kabla ya kunijibu.

"Nikafanye nini huko? Wana samaki?"

"Wanao, Bi. Wa mtoni."

"Wa mtoni si samaki. Na mimi naiogopa bahari. Naipikia, siipandi."

Nikamweleza maneno ya mzee jinsi yalivyokuwa. Alisikiliza, akatoa karai motoni.

"Mjomba amenitaja mimi?"

"Wewe, kwa jina."

"Kwa hiyo kazi yangu ni kwenda Misri kungoja Mwanaisha afe."

"Si hivyo, Bi."

"Ni hivyo hivyo. Haya, nitakwenda. Lakini mwambie asinicheleweshe, nina wateja."

Sasa ndipo kazi ilipoanza. Meli ile tuliiacha ipite. Nilisimama Kilindini nikaitazama ikipita kama mtu aliyedhulumiwa. Bi. Mwanajuma alihitaji pasipoti, na meli iliyofuata ilikuwa mbele sana, wakati siku ya Mwalimu kurudi shuleni haikusogea hata kidogo. Mkumbuke tulivyofundishwa: warudi nyuma kutoka siku ya kurudi. Tuliporudi nyuma tulikuta siku za Kairo zimebaki kidogo mno. Tukaifuta safari ya Mto Naili. Tukaifuta Iskandaria. Tukabakiza kikapu, misikiti na piramidi.

Na fedha za kumpeleka mtu wa tatu hazikuwapo. Hapo nilirudi kwenye sitaha. Kile chumba cha daraja la pili kikigeuzwa sitaha, wawili wanakuwa watatu na akiba inabaki. Kairo wanawake wawili watalala chumba kimoja, na Mwalimu atalala na wanafunzi bure. Chakula watapika wenyewe njiani, na mpishi sasa walikuwa naye. Safari ilikuwa rahisi kuliko ya kwanza na yenye usalama zaidi. Kilichokuwa kimebaki ni Mwalimu.

"Mwalimu mzima nilale chini mbele za watu?" alisema pale ofisini. Alisema walimu wenzake wameambiwa ni daraja la pili. Alisema afadhali kuahirisha. Sote tulijua kwamba likizo kama ile haiahirishwi, hupotea.

Bi. Mwanaisha hakuwahi kuinua sauti katika ofisi yetu, na siku hiyo pia hakuiinua. "Huo mkeka nitausuka mimi," akasema. "Nahodha akiuona atatoka chumbani kwake aje kukuomba nafasi. Na usipotaka kuulalia, bwana wangu, nitamwachia Mwanajuma nafasi yako aende na jirani yake."

Bwana Abdurahmani akageukia dirisha. Mwalimu akatazama ramani kwa muda, pale palipochakaa. Akaniambia nikabadilishe tiketi.

Siku zilizofuata sizitamani tena. Nilikwenda Mombasa nikarudi, nikaenda nikarudi, kwa ajili ya ile pasipoti. Dereva wa basi aliniuliza kama nina mke kila upande. Pasipoti ilitolewa meli ikiwa imekwisha kutia nanga. Niliibeba mkononi tangu mjini hadi bandarini kwa sababu sikuiamini mifuko yangu, na niliwakuta wanangoja: Mwalimu amevaa kanzu na koti, mkeka mpya umekunjwa begani kwake kama bunduki; Bi. Mwanajuma ameshika stovu na fungu la papa mkavu lililokuwa limewafukuza watu benchi nzima, na Bi. Mwanaisha katikati yao, hatazami meli, anatazama kamba nene zilizoifunga, jinsi zilivyopotwa.

Mzee Suleimani alikuwa ametoa neno lake usiku uliotangulia, nyumbani kwake. Nilivyoambiwa, alisema tu, "Nendeni." Kisha alimvuta Bi. Mwanajuma kando akamwagiza mambo ambayo bibi huyo hakuwahi kutuambia.

Tangu hapo, wenzangu, mtu alipoingia ofisini sikumwuliza kwanza anataka kwenda wapi. Nilimwuliza nyumbani anamwacha nani, na huyo aliyeachwa anahofia nini. Wengine walidhani ni adabu ya kuanzia mazungumzo. Ilikuwa ndiyo kazi yenyewe. Nauli na ratiba huandikwa, zinasomeka. Hofu ya mtu aliyebaki haiandikwi mahali popote, nayo ndiyo huirudisha safari bandarini.

Walirudi wote watatu salama. Desturi ilitaka Bi. Mwanaisha apitie Muhaka kabla ya kufungua mizigo, na mimi nikafuatana nao, kwa kuwa kungoja hadi kesho yake nisingeweza. Njiani niliuliza yangu: treni iliwahi? Mwanafunzi aliwatambua? Choo kilifungwa kwa ndani? Mwalimu alinijibu kwa furaha na kwa kirefu. Alikuwa amenenepa kidogo, na habari za daraja la pili hakuzitaja tena. Bi. Mwanajuma alisema bahari ni kama alivyodhani, na maharage ya Misri ni mazuri, na wale samaki wa mtoni aliwaonja ili asisemwe.

"Na piramidi?" nilimwuliza Bi. Mwanaisha.

"Nimeziona kwa mbali, tulipopanda kwenye ule msikiti wa ngomeni. Ni kubwa."

Mwalimu akanieleza. Siku ya kwanza walikwenda kwenye jumba la makumbusho kama nilivyopanga. Bi. Mwanaisha alichuchumaa mbele ya kabati la kioo asubuhi, na walipofunga mlango jioni alikuwa bado hapo. Siku ya pili alirudi. Siku ya piramidi akasema waende wao wawili. Mlinzi wa jumba alikuwa amekwisha kumletea kigoda.

Kwa mjomba wake alikaa chini mkekani, akachukua majani mabichi ya makuti, akayachana kwa kucha akapata nyuzi nyembamba, akamsukia ukingo wa kile kikapu. Alimwonyesha jinsi uzi ulivyozungushwa, ukapita chini ya mwenzake, ukarudishwa ndani usionekane. Tofauti na ukingo wetu ilikuwa ndogo. Kisha akafumua kidogo akasuka tena kwa namna nyingine. Alisema mahali fulani, upande wa ukutani ambako mtu hakuweza kuona ila akichuchumaa, aliyekisuka alikuwa amekosea. Aliruka uzi mmoja, akaendelea kidogo, akaona kosa lake, akarudi akalifunika hivi. Hivi hivi anavyofunika yeye.

Mzee alikichukua kile kipande, akakigeuza, akapitisha kidole gumba palipokosewa.

"Alikuwa mtu wa nani?" akauliza. "Huyo aliyesuka. Wa kwa nani?"

"Haikuandikwa, mjomba. Wameandika jina la mfalme."

Mzee akaendelea kupapasa ule ukingo.

"Hawakuuliza," akasema.